Kidonge kipya kimekuja, lakini nani anampima mtoto urefu?

Septemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kidonge kiitwacho paltusotine, kinachouzwa kwa jina la Palsonify. Ni dawa ya watu wazima wenye akromegali, ugonjwa unaoletwa na homoni ya ukuaji kuzidi mwilini. Mgonjwa anameza mara moja kwa siku. Kwa miaka mingi tiba kuu ya dawa kwa ugonjwa huu imekuwa sindano ya kila mwezi, tena sindano nene na yenye maumivu. Kwa hiyo kidonge ni habari njema kwa wanaoumwa.

Mama au mlezi anaweza kuisoma habari hiyo na kujiuliza: je, inanihusu? Mwanangu ni mrefu kuliko wenzake wote darasani. Jibu fupi ni kwamba kidonge hiki hakikuidhinishwa kwa watoto. Hata kingekuwa cha watoto, dawa haimfikii mtoto ambaye hakuna aliyetambua kwamba anaumwa. Kwa mtoto, kitu cha kwanza kinachookoa ni kupimwa urefu mara kwa mara na mtu anayeandika namba hiyo mahali. Hapo ndipo penye pengo, na makala hii inaeleza pengo hilo na namna ya kuliziba.

Homoni ya ukuaji inafanya kazi gani?

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo inayolingana na punje ya njegere. Inaitwa tezi ya pituitari. Moja ya kazi zake ni kutoa homoni ya ukuaji, kwa vipindi, na zaidi mtoto anapokuwa usingizini. Homoni hiyo inasafiri kwenye damu hadi kwenye ini, na ini linatengeneza kichocheo kingine kinachoitwa IGF-1. Hicho ndicho kinachofanya sehemu kubwa ya kazi ya kurefusha mifupa na kukuza misuli na viungo vya ndani.

Mifupa mirefu ya mikono na miguu ina sehemu laini za gegedu karibu na ncha zake. Mtoto anarefuka kwa sababu gegedu hiyo inaongezeka na kugeuka kuwa mfupa. Baada ya balehe, homoni za uzazi zinaifunga gegedu hiyo, na urefu unakoma. Ndiyo maana mtu mzima harefuki tena hata akila vizuri namna gani.

Kwa kawaida ubongo unaiamuru tezi itoe homoni, kisha unaituliza inapotosha. Taabu inaanza tezi isipotii. Mara nyingi chanzo ni uvimbe mdogo ndani ya tezi yenyewe. Uvimbe huu karibu siku zote si saratani, lakini unatoa homoni mfululizo bila kusikiliza amri.

Ikizidi utotoni, ikizidi ukubwani

Uvimbe ukianza wakati gegedu bado iko wazi, mtoto anarefuka bila kiasi. Wataalamu wanaita hali hii gigantizimu. Neno lenyewe lina maana ya ujitu, na kweli watoto hawa wanatukanwa hivyo hivyo mitaani: jitu, twiga, ngongoti. Uvimbe ukianza baada ya gegedu kufunga, mtu harefuki, anapanuka. Hiyo ndiyo akromegali, jina lililotolewa na daktari Mfaransa, Pierre Marie, mwaka 1886.

Akromegali ni ugonjwa wa nadra. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha wagonjwa takriban 3 hadi 14 katika kila watu 100,000. Gigantizimu ni ya nadra zaidi. Lakini unadra haumpunguzii kitu mtoto aliyepatwa, na homoni iliyozidi haiishii kwenye mifupa:

- Moyo: misuli ya moyo inakuwa minene, na shinikizo la damu linaweza kupanda.
- Sukari: homoni ya ukuaji inapingana na insulini, kwa hiyo kisukari kinaweza kuingia hata kwa mtu asiye na mwenzake mwenye kisukari katika ukoo.
- Viungo: magoti, nyonga na mgongo vinauma mapema. Mikono inaweza kufa ganzi, hasa usiku.
- Uso na kinywa: taya linasogea mbele, meno yanaachana, ulimi unakuwa mkubwa. Mtu anakoroma sana na pumzi inakatika usingizini.
- Ngozi: jasho jingi, ngozi nene yenye mafuta.
- Macho na kichwa: uvimbe ukikua unabana mishipa ya macho iliyo juu yake. Mtoto anaumwa kichwa na anapoteza uwezo wa kuona pembeni, ingawa mbele anaona. Unaweza kumwona akijigonga kwenye miimo ya milango bila sababu.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawajaelezwa. Uvimbe huohuo unaweza kubana sehemu za tezi zinazoamsha balehe. Balehe ikichelewa, gegedu inabaki wazi muda mrefu zaidi, na mtoto anaendelea kurefuka katika umri ambao wenzake wameshasimama. Kijana wa miaka 16 anayezidi kurefuka kwa kasi huku hana dalili yoyote ya kubalehe anahitaji daktari, hata kama mwalimu wa michezo anamfurahia.

Maisha mawili yanayotufundisha

Robert Wadlow alizaliwa mwaka 1918 huko Alton, jimbo la Illinois, Marekani, akiwa na uzito wa kawaida wa mtoto mchanga. Alipofika miaka mitano alikuwa na urefu wa takriban sentimita 163. Mtoto wa kawaida wa umri huo ana takriban sentimita 110. Wakati wake hapakuwa na tiba ya kufaa kwa hali yake, naye hakuacha kurefuka hadi alipofariki mwaka 1940 akiwa na sentimita 272. Alikuwa na miaka 22 tu. Miguu yake ilikuwa imepungukiwa hisia na alitembea kwa msaada wa vyuma. Chuma kimoja kilimchubua kifundo cha mguu, hakusikia maumivu mapema, kidonda kikaingia maambukizi, na maambukizi hayo yakamuua. Ulimwengu unamkumbuka kama mtu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa. Mama anayesoma habari zake anaona kitu kingine: kijana aliyekufa kwa mchubuko.

Sultan Kösen wa Uturuki, aliyezaliwa mwaka 1982, ana urefu wa sentimita 251, naye pia alipata uvimbe wa tezi ya pituitari. Mwaka 2010 alitibiwa kwa mionzi inayolenga uvimbe moja kwa moja katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na mwaka 2012 ikathibitika kwamba ameacha kurefuka. Tofauti ya wawili hawa ni tiba. Lakini Kösen alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 28 alipopata mionzi hiyo, na anatembea kwa kuegemea mikongojo. Tiba inazuia madhara mapya na kupunguza baadhi ya yale yaliyokwisha kutokea, lakini mfupa uliorefuka haurudi. Kila mwaka unaopita kabla ya kugundua una gharama yake mwilini.

Kwa nini ugunduzi unachelewa?

Kwa watu wazima wenye akromegali, ni kawaida miaka mitano hadi kumi kupita kati ya dalili za kwanza na jina la ugonjwa. Mabadiliko yanakuja polepole, na anayekuona kila siku hayaoni. Tena kila dalili inapelekwa mlango wake: meno kwa daktari wa meno, ganzi kwa daktari wa mifupa, kukoroma hakupelekwi popote. Hakuna anayeziunganisha.

Kwa mtoto kuna sababu ya ziada: urefu unasifiwa. Mtoto mfupi au aliyekonda anamshtua kila mtu, kuanzia bibi hadi muuguzi. Mtoto mrefu anapongezwa. Anaambiwa atacheza mpira wa kikapu, atakuwa golikipa, atakuwa askari. Na mtoto mchanga anayekua kwa kasi na kula bila kushiba anaitwa mtoto mwenye afya. Mwaka 2014 watafiti walieleza aina moja ya kijenetiki ya ugonjwa huu, inayotokana na kasoro katika kromosomu ya X, ambayo huanza mapema mno, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Watoto hawa wanazaliwa wakiwa na ukubwa wa kawaida. Mzani peke yake ungeonyesha mtoto aliyenona; ubao wa kupimia urefu ndio ungeonyesha kwamba kuna jambo.

Halafu kuna mfumo wenyewe. Nchini Tanzania na Kenya kliniki ya mtoto ipo kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitano. Kadi inajazwa, uzito unachorwa, chanjo zinaandikwa. Mtoto akifikisha miaka mitano kadi inawekwa kabatini, na kwa familia nyingi hakuna tena anayempima mpaka augue. Shirika la Afya Duniani, WHO, lina jedwali la ukuaji la watoto wa miaka 5 hadi 19 tangu mwaka 2007. Jedwali lipo. Kinachokosekana ni mtu mwenye futi na daftari katika umri huo, na huo ndio umri ambao gigantizimu nyingi hujitokeza.

WHO pia inawaelekeza wahudumu jambo ambalo si wengi wanalikumbuka: mtoto ambaye urefu wake uko juu ya mstari wa +3 kwenye chati kwa kawaida hana tatizo, lakini apelekwe kuchunguzwa ikiwa kuna shaka ya ugonjwa wa homoni, mfano wazazi wana kimo cha kawaida na mtoto amewazidi mno wa umri wake.

Si kila mrefu ni mgonjwa

Hapa mama asiogope bure. Watoto wengi warefu wana afya njema. Sababu ya kwanza ya urefu ni ukoo: baba mrefu, mama mrefu, mjomba mrefu. Mtoto mnene pia anaweza kuwatangulia wenzake kwa muda. Balehe ya mapema nayo inamrefusha mtoto haraka, kisha inamsimamisha mapema akabaki mfupi ukubwani; msichana anayeota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana anayeonyesha dalili za balehe kabla ya miaka 9, apelekwe hospitali kwa sababu hiyo yenyewe. Upo pia ugonjwa wa kurithi uitwao Marfan, ambapo mtu ana mikono, miguu na vidole virefu vyembamba. Homoni yake ni ya kawaida, lakini mshipa mkuu wa damu unaweza kutanuka, kwa hiyo naye anahitaji daktari.

Jambo la kutazama ni mwendo kuliko kimo. Kati ya miaka minne na mwanzo wa balehe, mtoto huongeza takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Wakati wa balehe kasi hupanda, pengine hadi 8 kwa msichana na 9 au 10 kwa mvulana, kisha hupungua. Mtoto anayeongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka bila dalili ya balehe ana mwendo unaohitaji maelezo. Kwa kimo, mtoto wa miaka 10 wa kawaida ana takriban sentimita 138, na mstari wa +3 uko karibu na 157.

Kupima nyumbani hakuhitaji mashine. Mtoto avue viatu, asimame kwenye sakafu tambarare, visigino, matako na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa kikiwa sawa na ukuta, chora alama kwa penseli, kisha pima kutoka sakafuni kwa futi ya fundi cherehani. Andika tarehe na namba nyuma ya kadi yake ya kliniki. Rudia kila baada ya miezi sita. Namba mbili zenye tarehe zinamsaidia daktari kuliko maneno "anakua haraka sana".

Mpeleke hospitali mapema, usingoje miezi sita, ukiona urefu unaozidi kiasi pamoja na maumivu ya kichwa yasiyoisha, kushindwa kuona pembeni, kiu na mkojo mwingi, viganja na nyayo kukua kupita mwili, au taya na uso kubadilika. Kama kuna ndugu aliyewahi kuwa na uvimbe wa tezi ya pituitari, mwambie daktari, maana baadhi ya aina zinarithiwa.

Hospitalini wanafanya nini?

Mweleze daktari wazi kwamba una wasiwasi na homoni ya ukuaji. Kipimo cha kwanza ni damu ya IGF-1, ikilinganishwa na umri wa mtoto. Kupima homoni ya ukuaji yenyewe mara moja tu hakutoshi, kwa sababu inatoka kwa vipindi. IGF-1 ikiwa juu, mtoto anaweza kunyweshwa maji ya glukosi, kisha damu ikapimwa mara kadhaa: kwa kawaida sukari inaishusha homoni ya ukuaji, na isiposhuka inavyotakiwa, shaka inaongezeka. Baadaye hufanyika picha ya MRI ya kichwa ili kuona tezi.

Tiba ya kwanza kwa wengi ni upasuaji wa kutoa uvimbe kupitia puani, bila kufungua fuvu. Uvimbe ukiwa mdogo, nafasi ya kupona kabisa ni kubwa. Ukiwa umeenea, mara nyingi hubaki kiasi, na dawa au mionzi hufuata. Dawa za sindano kama octreotide na lanreotide zinaituliza homoni. Ipo pegvisomant inayozuia homoni isifanye kazi, na cabergoline ya kumeza inayowasaidia baadhi ya wagonjwa. Hii ni huduma ya hospitali kubwa za rufaa, kwa hiyo uliza mapema unatumwa wapi na nani ataandika barua ya rufaa.

Uliza pia habari ya fedha kabla ya safari. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya ilihama kutoka NHIF kwenda SHA Oktoba 2024. Kwa familia yenye ugonjwa wa nadra, kuwa na kadi ya bima ni mwanzo tu. Maswali ya kuuliza ofisini ni haya: je, MRI inalipiwa? Upasuaji wa ubongo unalipiwa hadi kiasi gani? Dawa ya kila mwezi, ya miaka, imo kwenye orodha? Kidonge kipya kikipita Marekani leo, hakimaanishi kitakuwa kwenye duka la dawa la mtaani kwako kesho.

Tahadhari: sindano na vidonge vya kurefusha

Ziada ya homoni inaweza pia kuingizwa na binadamu. Homoni ya ukuaji ya kutengenezwa maabara ni dawa halali kwa watoto ambao tezi zao hazitoi ya kutosha na kwa hali nyingine chache, chini ya mtaalamu na vipimo vya mara kwa mara. Mtoto asiyeihitaji akichomwa ili awe mrefu tu, anawekwa kwenye hatari zilezile tulizozieleza: sukari kupanda, viungo kuuma, maumivu ya kichwa. Wanamichezo wamepigwa marufuku kuitumia. Kijana wako akitaka kununua dawa ya kurefusha kupitia simu, au kocha akimpa sindano ya "kujenga mwili", uliza jina la dawa na upeleke chupa kwa mfamasia kabla haijaingia mwilini.

Na wewe mlezi je?

Akromegali hugunduliwa zaidi kwa watu wa makamo, yaani wakati ambao wengi wanalea. Jitazame. Pete iliyokuwa ikitoka sasa imekwama. Namba ya kiatu imepanda, na hukuwa na mimba wala hukunenepa. Hedhi imevurugika, au maziwa yanatoka na hunyonyeshi. Mume analalamika unakoroma kuliko zamani. Chukua picha yako ya miaka kumi iliyopita uiweke kando ya ya leo, uende nazo zote mbili kwa daktari. Madaktari wa ugonjwa huu wenyewe huomba picha za zamani.

Yanayoweza kufanyika bila kungoja dawa mpya

Kidonge cha Septemba 2025 kitawapunguzia watu wazima maumivu ya sindano, na pengine siku moja bei itashuka na kitafika kwetu. Lakini mtoto wa darasa la tatu anayerefuka leo hana muda wa kungoja. Katika kikao kijacho cha wazazi, omba shule ipime urefu na uzito wa watoto mara mbili kwa mwaka na kumpa kila mzazi namba. Inahitaji ukuta, futi na daftari. Zoezi hilo hilo litawaibua waliodumaa, wenye kisukari wanaokonda na wenye uzito uliozidi, ambao ni wengi kuliko wenye uvimbe wa tezi. Na kadi ya kliniki iliyoko kabatini, itoe. Bado ina nafasi ya kuandika.